Maswali ya Wasomaji: Sinema ya Uani na Upepo wa Kusi

Swali: Ndugu Mshauri, ninaishi Shangani, Mtwara, katika nyumba ya kupanga yenye ua wa hatua kumi kwa saba. Kila Jumamosi wanangu wanne na watoto wa majirani hutazama filamu kwenye simu moja, vichwa vimebanana. Nimeamua kuwanunulia projekta ndogo. Dukani nimeona iliyoandikwa lumeni 9,000 (kipimo cha mwanga inaoutoa), na muuzaji anasema itatoa picha ya upana wa mita tatu hata kabla jua halijazama. Siku nilipojaribu kwa projekta ya kuazima, upepo ulilichukua shuka kabla filamu haijafika katikati. Je, niinunue mashine hiyo, na shuka nilifanyeje? – Mama wa watoto wanne, Shangani

Jibu: Mama, umeleta shida mbili, nami naomba nianze na ya pili, kwa sababu kwa mtu wa Shangani upepo ndio unaoamua ukubwa wa picha, na ukubwa wa picha ndio unaoamua mashine ya kununua. Wengi wetu huanzia dukani na kukutana na upepo baadaye, fedha zikiwa zimekwisha kutoka.

Shuka lililotandazwa kati ya nguzo mbili ni tanga, na linafanya kazi ya tanga. Skrini ya upana wa mita 3 ina eneo la takriban mita 5 za mraba, na upepo wa mita 5 kwa sekunde, ambao wengi wetu tungeuita wa kupunga tu, huisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 9. Upepo ukiongezeka maradufu, nguvu hiyo huongezeka mara nne, na hapo nguzo zako zinazuia mzigo wa zaidi ya kilo 35 unaokuja na kuondoka kwa mishtuko. Nilijifunza hayo Mikindani, mwezi wa Agosti, nilipofunga turubai jeupe kwa vigingi vya chuma nilivyovipigilia kwenye mchanga. Nusu saa baada ya filamu kuanza, kigingi cha upande wa bahari kiling'oka na nguzo ikaanguka hatua mbili kutoka alipoketi mtoto wa miaka mitano. Hakuumia mtu, lakini tangu usiku ule sijakiamini tena kigingi kilichoshikwa na mchanga peke yake.

Kwa hiyo usisimamishe skrini katikati ya ua. Kusi, ambayo hutuvumia kuanzia Mei hivi hadi Septemba, hutoka kusini na kusini-mashariki; tafuta ukuta wa nyumba unaotazama kaskazini au magharibi, ili nyumba yenyewe iwe kinga, na skrini uilaze kwenye ukuta huo. Nguo iliyogusana na ukuta haina nyuma ya kuingiza upepo. Kama nyumba ingekuwa yako, ningekushauri uusawazishe ukuta kwa plasta na kuupaka rangi ya maji nyeupe isiyong'aa, kisha usahau kabisa habari za shuka, kwa maana hakuna skrini bora kuliko hiyo kwa bei hiyo. Kwa kuwa umepanga, mwombe fundi akuungie fremu ya milunda miwili na fito mbili, iegemee ukutani, na kila mguu uuzuie kwa kiroba kilichojazwa mchanga. Usiiweke chini ya mnazi, hata kama kivuli chake kinakuvutia mchana.

Shuka la futi 6 kwa 6 linatosha. Likunjwe pindo mara mbili na kushonwa, na nyuma yake ushone kaniki. Kaniki ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa shuka jeupe peke yake huacha sehemu ya mwanga ipite na kupotelea ukutani, na rangi ya ukuta huonekana kupitia nguo. Weusi wa kaniki huzuia hayo, na uzito wake huifanya nguo ining'inie bila mikunjo. Pembe usizipigilie misumari. Nenda kwa fundi baiskeli, umwombe tyubu iliyokwisha kazi, uikate vipande vyembamba kama vile wanavyofungia mizigo, na kila pembe uifunge kwa kipande kimoja. Upepo ukija kwa ghafla, mpira utavutika na kurudi, na pindo la shuka litabaki salama.

Sasa tuje kwenye lumeni 9,000. Majumba ya sinema hulenga mng'ao wa kandela 48 kwa mita ya mraba, na kwenye nguo nyeupe ya kawaida mng'ao huo hupatikana kwa lumeni 150 hivi kwa kila mita ya mraba ya picha. Picha inayoenea upana wa shuka lako, kwa umbo la filamu za siku hizi, ina mita za mraba zisizofika 2, kwa hiyo lumeni 300 za kweli zinakutosha kabisa. Picha ya mita 3 ingehitaji zaidi ya 750. Neno lenye uzito hapa ni «za kweli». Mtengenezaji aliyepima mashine yake kwa utaratibu unaotambulika huandika ANSI au ISO 21118 kando ya namba, na kama hakuna alama hiyo, namba iliyo kwenye boksi haikuelezi lolote. Ahadi ya kutazama kabla jua halijazama usiipokee, kwa sababu jua la mchana humwaga lumeni zipatazo 100,000 katika kila mita ya mraba, na mwanga wa jioni, ingawa umepungua sana, bado unatosha kuifuta picha ya projekta ndogo.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji azime taa, arudishe mashine nyuma hadi picha ifike upana wa shuka lako, kisha aonyeshe maandishi. Tazama pembe nne, usitazame katikati. Projekta dhaifu husomeka vizuri katikati na kuwa na ukungu pembeni, na hakuna kitufe cha kurekebisha hilo. Muulize pia ubora wa picha ambao mashine yenyewe inatoa, kwa sababu maneno «inapokea» na «inatoa» ni mawili tofauti: mashine inaweza kupokea filamu yenye nukta 1920 kwa 1080 na kuionyesha kwa nukta chache zaidi.

Kuhusu saa ya kuanza, ushauri wangu ni kusubiri isha. Jua la Mtwara huzama kati ya saa 12 jioni hivi mwezi wa Juni na saa 12 na dakika 50 mwishoni mwa Januari, na wakati wa isha huingia mabaki ya mwanga wa machweo yanapotoweka, yaani giza lile lile ambalo projekta inalihitaji. Waliokwenda msikitini wakirudi, mbingu iko tayari. Mbalamwezi isikutie wasiwasi, kwani mwezi mpevu hautoi hata lumeni moja kwa mita ya mraba. Taa ya barazani ya jirani ndiyo inayoharibu picha, na hiyo huzimwa kwa ombi la heshima.

Swali: Ndugu Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwalimu, naishi Mtanda, Lindi. Tunaonyesha filamu uani mara mbili kwa mwezi, lakini midomo ya waigizaji hutangulia sauti, na watoto wa nyuma hawasikii. Nikiongeza sauti, jirani analalamika, na ana haki. – Mwalimu, Mtanda

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Kuchelewa kwa sauti kunatokana na bluetuthi. Sauti hufungwa, hurushwa na kufunguliwa tena ndani ya spika, na safari hiyo yaweza kuchukua hata robo ya sekunde, ambayo sikio huvumilia kwenye muziki lakini jicho halivumilii kwenye mdomo wa mtu anayezungumza. Tumia waya. Projekta nyingi zina tundu la milimita 3.5 la visikilizio, nalo linatosha.

La watoto wa nyuma na la jirani ni jambo moja. Nje hakuna kuta za kuirudisha sauti, kwa hiyo kila umbali unapoongezeka maradufu sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Spika moja kubwa iliyowekwa chini ya skrini huwaumiza watoto wa mbele na kuwafikia wa nyuma kama mnong'ono, na ukiiongeza ili wa nyuma wasikie, umeshavuka ukuta wa jirani. Weka spika mbili ndogo pande mbili za watazamaji, usawa wa katikati yao, juu ya viti ili ziwe kimo cha masikio, zikielekea ndani. Punguza besi, kwani hiyo ndiyo inayopenya kuta. Utashangaa jinsi sauti ndogo inavyotosha mtu anapokuwa karibu nayo.

Zipo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, lakini nisingependa mambo ya ujirani yafike huko. Mtembelee jirani mchana, umwambie siku na saa ya kumaliza, umuulize kama ana mgonjwa au mtoto mchanga, na akikuambia yupo, ahirisha. Kwa kuwa amekuwa akikulalamikia, ziara hiyo ni deni lako kwanza, kabla hata ya kuhamisha spika.

Swali: Kaka Mshauri, mimi ni kijana wa Ruangwa. Nyumbani tuna sola na betri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 100. Projekta yangu inakula wati 90, spika wati 30. Betri itafika mwisho wa filamu? Pia filamu nyingine kwenye flashi zinakataa, au zinatoa picha bila sauti. – Kijana, Ruangwa

Jibu: Itafika, mdogo wangu, ikiwa betri ni nzima na imejaa. Zidisha volti 12 kwa 100, unapata wati-saa 1,200. Kama ni betri ya risasi na asidi, jihesabie nusu tu, yaani 600, kwa sababu kuishusha zaidi ya hapo mara kwa mara kunaifupishia maisha. Vyombo vyako kwa pamoja ni wati 120. Filamu ya saa mbili ni wati-saa 240, na ukiongeza kinachopotea ndani ya inveta, sema 280. Unaweza kuonyesha filamu mbili na nyumba ikabaki na kitu cha kuwashia taa. Betri ya gari usiitumie kwa kazi hii, maana imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini.

Inveta iwe ya wati 300, na iwe ya mawimbi laini. Zile za bei ya chini zenye mawimbi ya ngazi huleta mngurumo kwenye spika na joto kwenye vyombo. Nyaya kati ya betri na inveta ziwe nene na fupi, na fyuzi ikae karibu na betri. Siku utakayolazimika kuwasha jenereta, nakusihi uiweke nje kabisa, mbali na madirisha, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na watu, na kamwe usiiweke jikoni au barazani kwa kuogopa kelele au mvua. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili moja linalofikia GB 4, kwa hiyo chagua nakala ndogo zaidi ya filamu hiyo. Picha bila sauti maana yake ni kwamba projekta haielewi aina ya sauti iliyomo. Icheze filamu hiyo kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa waya wa HDMI. Ijaribu filamu nzima mchana, kabla ya kuwaita watu.

Swali: Je, naruhusiwa kutoza shilingi 500 kwa kila anayeingia? – Msomaji, Kilwa Masoko

Jibu: Ukitoza kiingilio umetoka kwenye burudani ya familia na kuingia kwenye maonyesho ya umma, sawa na mwenye kibanda umiza. Hapo inakuhusu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, inayosimamiwa na Bodi ya Filamu, pamoja na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kwa kuwa filamu ni mali ya aliyeitengeneza. Muone afisa utamaduni wa halmashauri yako kabla ya kuchukua hata shilingi moja.

Swali: Projekta yangu ina miezi minane tu, na picha imekuwa na ukungu. Huwa natazamia uani, karibu na maji. – Msomaji, Mikindani

Jibu: Ndugu yangu, kwanza iangalie lenzi ukiwa umeimulika kwa tochi kutoka ubavuni. Ukiona utando wa vitone vidogo mno, hiyo ni chumvi iliyoletwa na hewa ya bahari na kukaushwa na joto la mashine. Usiisugue ikiwa kavu, wala usitumie kanga au pindo la shati, kwa sababu chembe za chumvi na mchanga zitachora kioo. Puliza vumbi kwa pampu ndogo ya mpira, kisha lowesha kidogo kitambaa laini cha miwani kwa dawa ya kusafishia lenzi, upanguse kwa kuzunguka kutoka katikati kwenda nje, bila kukandamiza.

Kama ukungu uko ndani, mpelekee fundi. Huenda ulitokana na umande, au na kuitoa mashine katika chumba chenye kiyoyozi na kuiwasha papo hapo kwenye joto la nje, ambapo mvuke hugeuka maji juu ya kioo kilichopoa. Kuanzia sasa itoe nusu saa kabla, ikiwa bado ndani ya mfuko wake. Filamu ikiisha, acha feni imalize kuzunguka kabla ya kuchomoa waya, kisha ihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vibadilishe mara kwa mara msimu wa mvua.