Sindano ya povu mguuni: kazi kubwa iko kabla na baada

Mama mmoja wa Kiborloni, hapa Moshi, ameniuliza kama anaweza kuchomwa sindano ya povu, ile ya kutibu mishipa ya damu iliyovimba miguuni (varikosi), Ijumaa, halafu Jumamosi apande basi la Dar. Mama yangu, hapana. Safari ya zaidi ya kilomita 500 umekaa na magoti yamekunjwa ni kuialika damu igande.

Sindano yenyewe ni ya dakika chache. Daktari huunganisha mabomba mawili ya sindano kwa kiungio cha njia tatu: moja lina dawa, mfano mililita 1 ya polidokano, jingine hewa mililita 4. Anasukuma huku na huku kama mara 20 hadi itoke povu nyeupe, laini. Njia hii ilitangazwa na Mwitaliano Lorenzo Tessari mwaka 2000. Povu huisukuma damu pembeni, dawa ikagusa ukuta wa mshipa na kuuchoma, ukasinyaa. Lakini halikai: muda mfupi tu dawa na hewa vinaanza kuachana. Likishachanganywa halafu daktari akapokea simu, dai litengenezwe jingine. Usione aibu.

Wengi wanakosea kwenye altrasaundi. Upimwe umesimama, si umelala! Mpimaji anabana shavu la mguu na kuachia. Damu ikirudi chini kwa zaidi ya nusu sekunde, valvu (kilango cha ndani ya mshipa kinachozuia damu kurudi) inavuja. Kama uvujaji unaanzia kwenye kinena na wewe umechomwa vijishipa vinavyoonekana tu, vitarudi, na utasema dawa ni feki. Mwulize: "Chanzo kiko wapi?" Asipokuonyesha kwenye skrini, usilipe kwanza.

Kwa siku moja povu lisizidi mililita 10, kwa hiyo miguu miwili iliyoharibika sana haimalizwi kwa mkupuo. Mjamzito asubiri. Mwenye damu iliyoganda karibuni, maambukizi mguuni, mzio wa dawa hiyo au tundu la moyo aseme mapema.

Ukishuka kitandani, tembea angalau dakika 10. Soksi za kubana ziwe za mgandamizo wa milimita 23 hadi 32 za zebaki (kipimo cha nguvu ya kubana), zipimwe asubuhi mguu haujavimba. Najua joto la Moshi la Februari, na najua mnazivua mkifika sokoni. Muda wa kuvaa hutofautiana. Fuata wa daktari wako, si wa jirani.

Uvimbe mgumu juu ya mshipa mara nyingi ni damu iliyonaswa. Rudi daktari atoboe kwa sindano aitoe, la sivyo baka la kahawia litakaa miezi mingi. Macho yakiona ukungu au vimulimuli wakati wa kuchomwa, sema hapohapo. Shavu zima la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikibana, nenda dharura usiku huohuo.

Na kabla ya kutoa hela, uliza kama bei ina altrasaundi ya marudio na sindano ya pili.