Baba anataka PCB, mimi nataka CBG

*Shangazi, shikamoo. Nimemaliza kidato cha nne na matokeo yametoka: Jiografia A, Kiswahili A, Baiolojia B, Kemia C, Fizikia C, Hisabati D. Kwenye Selform, fomu ya kuchagua masomo, baba alinijazia PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) niwe daktari. Mimi naitaka CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia). Uani nina magunia matatu ya mchicha: moja udongo mtupu, moja nimechanganya samadi ya mbuzi, moja majivu. Kila Jumamosi napima urefu kwa rula na kuandika kwenye daftari. La samadi limeyaacha mengine mbali. Baba anasema CBG ni ya waliokosa PCB, na kwamba yeye amelima alizeti miaka 20 bila kusomea. Nifanyeje? – Binti wa Singida*

Marahaba, mwanangu, na hongera.

Barua yako nimeirudia mara mbili. Mchicha umeuandikia mpaka rula. Udaktari umeupa neno moja, nalo ni la baba yako.

Lakini sitakupamba. Baba ana hoja. Udaktari wa binadamu unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita, na CBG haikufikishi huko. Tena mwenye PCB akibadili mawazo, SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, wanampokea kwenye kilimo. Kwa hiyo kwenye karatasi PCB ina milango mingi. Ila hakuna chuo kinachodahili jina la tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo. Wanadahili ufaulu.

Hiyo C yako ya Fizikia ni ya alama ngapi? Kidato cha nne, C ni kuanzia 45 hadi 64. Aliyepata 46 na aliyepata 63 wameandikiwa herufi moja, lakini hawako darasa moja hao. Kidato cha sita ngazi inapanda: C inaanzia 60, D inaanzia 50, E inaanzia 40, na chini ya 35 ni F. Yaani 46 ile ile inayompa mtu C, kule ni E, na maswali yenyewe si yale uliyozoea. Muda nao mfupi: mnaripoti Julai, mnafanya mtihani wa mwisho Mei, miaka miwili haijatimia. Baraza la Mitihani hutoa herufi tu, kwa hiyo mfuate mwalimu wako wa Fizikia akufungulie alama zako za moko, ule mtihani wa majaribio. Zikiwa za sitini na kitu, mazungumzo na baba yana sura nyingine. Zikiwa za arobaini na kitu, nazo ni jibu.

Mimi niliingia PCB kwa sifa. Shule siitaji. Kwenye praktiko ya pendulamu kazi yangu ilikuwa kushika saa. Wenzangu wanahesabu mizunguko na kuchora grafu, mimi nanakili. Kwenye mtihani wa Taifa hakuna wa kumnakili. Fizikia nikapata F, na Baiolojia niliyoipenda ikashuka nayo, kwa sababu usiku wake wote niliumalizia kwenye Fizikia. Hilo la pili ndilo lililoniuma.

Usidhani pia kwamba CBG ni kivuli cha mwembe. Kemia ni ile ile wanayosoma PCB, Baiolojia ni ile ile, karatasi ya mtihani ni moja. Hao "waliokosa" wanakosa nini hasa? Na kwa D yako ya Hisabati, ujue BAM, Hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita, itakufuata uendako, PCB au CBG. Anza kuikimbiza sasa, kabla ya Julai.

Njia nyingine haipigiwi debe mitaani: vyuo vya kilimo vya serikali, kama MATI Ilonga, Uyole na Ukiriguru. Unaingia na cheti cha kidato cha nne, unatoka na diploma, na ukiwa na GPA ya 3.0 unaweza kuomba chuo kikuu. Kwako, mwenye A ya Jiografia na B ya Baiolojia, ningeanza na CBG, lakini usiidharau hiyo.

Sasa baba. Kuhusu alizeti usimbishie hata kidogo. Udongo wa kwenu anaujua kuliko mimi, wewe na maprofesa. Ninavyomsoma, hofu yake ni ajira, na hofu hiyo ni halali. Mwambie tu kwa adabu kwamba hata madaktari siku hizi wanasubiri ajira. Jioni akishakula, mama akiwepo, au baba mdogo kama ndiye anayesikilizwa, mfungulie kwenye simu mwongozo wa udahili wa TCU, tume ya vyuo vikuu. Msome pamoja sifa za kozi mbili: udaktari, na ile unayoitaka wewe. Weka alama zako za moko pembeni. Halafu mpe lile daftari la mchicha, na umwulize kwa nini gunia la majivu limedumaa. Mwache aeleze. Anaweza kueleza mpaka saa nne usiku.

Mkikubaliana, badilisheni wenyewe kwenye mfumo wa TAMISEMI, wewe na yeye mkiwa mmekaa pamoja pale steshenari. Usibadilishe kwa siri. Kidato cha tano wanaweza kukupangia hata Lindi, na nauli ni yake. Dirisha la kubadili hufungwa kwa tarehe, na siku ya mwisho mtandao huwa mzito na foleni ndefu. Nendeni wiki hii.