Besi ya sinthesaiza inapotea kwenye simu, noti hazilingani, na kuna "tik" mwanzoni

Mkuu, umetaja matatizo matatu: besi tamu kwenye hedifoni lakini kwenye simu hakuna kitu, noti nyingine hafifu, na "tik" kila unapobonyeza. Usikimbilie EQ (kisawazisha sauti). Yote yanazaliwa ndani ya sinthi yenyewe. Vipimo hivi vinafaa sinthi za kompyuta kama Surge XT na Vital, na sinthi yoyote ya kuchuja, ukoo wa Minimoog ya 1970: osileta inatoa wimbi lililojaa, filta inapunguza, enivelopu inaamua lini na kwa kiasi gani.

Simu kwanza. Noti A ya chini ni 55 Hz (mitetemo 55 kwa sekunde), na spika ya simu haiwezi kuisukuma kabisa; chini ya 200 Hz na ushee haitoi cha maana. Lakini sikio likipata 220, 275, 330 na 385, ubongo unaijaza wenyewe ile 55, kwa kuwa mawimbi hayo yamepishana kwa 55. Kinachotakiwa ni hamoniki (mitetemo ya juu iliyo mara mbili, tatu, nne na kuendelea ya noti yenyewe), sio besi zaidi. Wimbi la msumeno linazo zote: ya pili ina nusu ya ukubwa wa ya kwanza, ya tatu theluthi, ya nne robo. La mraba lina za namba witiri tu. La sini halina chochote juu yake, ndiyo maana sini tupu hata uipandishe sauti mpaka mwisho, simu inabaki kimya.

Sasa, umesema katofu (pale filta inapoanza kukata) iko 120 Hz kwenye filta ya desibeli 24 kwa oktavu (kila Hz zinapoongezeka maradufu). Maana yake ikifika 240 Hz, sauti imeshashuka kama desibeli 24. Umechagua msumeno halafu ukaunyoa meno yote.

Usiifungue filta moja kwa moja, utapata mzinga wa nyuki. Iweke katofu kwenye 150 Hz, kisha enivelopu ya filta iipandishe oktavu 3 (hapo inagusa 1200 Hz) na kuirudisha haraka: ataki (muda wa kupanda) 0, dikei (muda wa kushuka) milisekunde 200, sasteini (kiwango inapotulia) asilimia 20. Sikio linapata hamoniki zote mwanzoni mwa noti, linaitambua, halafu besi inatulia chini. Kwa maoni yangu, dikei hiyo ndiyo kitufe muhimu kuliko vyote kwenye besi: kwenye 80 inadunda kama imechunwa kwa kidole, kwenye 500 inalia "wau". Rezonansi (msisitizo wa sauti pale kwenye katofu) usipite asilimia 25. Filta nyingi za aina ya ngazi, kadiri unavyopandisha rezonansi ndivyo besi inavyopungua, kisha watu wanalaumu spika. Ikibaki hafifu, weka saturesheni (kuikwaruza sauti) kidogo baada ya filta, maana inazalisha hamoniki mpya.

Noti kutolingana kuna sababu mbili, na huenda unazo zote. Ya kwanza ni osileta mbili ulizozitofautisha kwa senti 10 (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni). Kwenye 440 Hz tofauti hiyo ni kama Hz 2.5, inatikisika vizuri, sauti inanenepa. Kwenye 55 Hz ni Hz 0.32 tu, yaani mawimbi yanakutana na kuuana mara moja kila sekunde tatu. Noti fupi ikiangukia pale yanapouana, imekwenda na maji. Dawa: osileta moja ya sini chini kabisa, bila senti, bila unisoni (nakala za wimbi zinazopigwa pamoja), katikati ya stereo, na fezi (mahali wimbi linapoanzia) ianze upya kila noti (ritriga). Senti 10 ziache kwenye tabaka la msumeno, nalo likate chini ya 110 Hz. Koras (efekti ya kurudufu na kutikisa sauti) pia isiguse tabaka la chini. Simu yenye spika moja inajumlisha kushoto na kulia, na palipo na fezi kinyume panabaki sifuri.

Ya pili: katofu yako haifuati kibodi. Imesimama 150 Hz, wewe unapanda mpaka A ya 220 Hz, filta inaanza kula noti yenyewe. Pandisha ufuatiliaji wa kibodi mpaka asilimia 70 hivi.

Hiyo "tik" ni ataki ya enivelopu ya sauti (sio ile ya filta) kuwa 0: wimbi linaanzia katikati ya mlima badala ya sifuri. Weka milisekunde 3 hadi 5. Mzunguko mmoja wa 55 Hz unachukua milisekunde 18, hivyo hutapoteza mdundo. Mwishoni rilisi (muda wa sauti kuzima ukiachia noti) iwe milisekunde 30, maana 5 bado inakata wimbi njiani. Ikiwa unataka besi igonge pamoja na kiki (ngoma ya besi), "tik" kidogo ni rafiki, usiiue yote.

Ila kama ni mikwaruzo inayoendelea katikati ya noti, hiyo si ataki. Angalia mita: ikigusa 0, shusha sauti ya osileta desibeli 6. Mita ikiwa salama, kompyuta inazidiwa. Toa bafa (akiba ya sampuli za sauti) 256 weka 512, utaongeza ucheleweshaji mpaka kama milisekunde 12 kwa 44100 Hz.

Na ukija kwenye sinthi za FM (ambazo wimbi moja hutikisa jingine) kama DX7 ya 1983, hesabu ya filta haipo. Kule kinachofanya kazi ya katofu ni sauti ya opereta (osileta ya FM) inayotikisa nyingine, na dikei ile ya 200 unaiweka kwenye opereta hiyo.