Lafudhi ya kuiga na masikio yetu

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hivi: mwigizaji akiiga lafudhi ya watu wa rangi nyingine, huo ni ufundi au ni dharau, na je, vipindi vya zamani vya aina hiyo vifutwe? Najua wengi watajibu kwa kumpima mwigizaji: nia yake, kipaji chake, rangi yake. Mimi naona tuanze na masikio ya wanaomsikiliza, maana huko ndiko kazi yake inakobaki baada ya kipindi kwisha.

Mwaka 1992 Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, alichapisha utafiti ambao kila nikiufikiria unanishangaza upya. Wanafunzi walisikilizishwa mhadhara uliorekodiwa. Sauti ilikuwa moja, ya mwanamke Mmarekani aliyekua na Kiingereza hichohicho cha kwao. Kilichobadilishwa ni picha tu: kundi moja lilioneshwa mwanamke Mzungu, kundi jingine mwanamke mwenye sura ya Kiasia, wakaambiwa huyo ndiye anayezungumza. Waliooneshwa Mwasia walisikia lafudhi ya kigeni, na walipoulizwa maswali juu ya mhadhara walikuwa wameelewa kidogo kuliko wenzao. Lafudhi hiyo haikuwamo kwenye kanda. Waliingia nayo darasani.

Waliitoa wapi? Sehemu kubwa, nadhani, kwenye burudani. Mtu ambaye hajawahi kuzungumza na Mhindi hata mmoja anaweza kukuigia "Mhindi" papo hapo, na utakachosikia ni lafudhi ya katuni. Apu, Mhindi mwenye duka katika The Simpsons, katuni ya televisheni ya Marekani, alipewa sauti na Hank Azaria, Mmarekani Mzungu, kuanzia mwaka 1990. Mchekeshaji Hari Kondabolu, mtoto wa wahamiaji kutoka India, alitoa filamu mwaka 2017 akieleza jinsi yeye na wenzake walivyokejeliwa kwa sauti hiyo, ilhali wengi wao walizaliwa Marekani na wanaongea kama Wamarekani wengine wowote. Azaria aliacha kumwigiza Apu mwaka 2020.

Na tazameni hiyo lafudhi ya kuigiza imetengenezwaje. Lafudhi ya kweli inatofautiana kwa umri, elimu, mtaa, hata hasira ya siku hiyo. Mwigizaji wa vichekesho huchagua vitu vitatu vinne vinavyotambulika upesi, akavikuza, kisha mara nyingi akaongeza sarufi iliyovunjika. Hiyo sarufi ndiyo mbaya, kwa sababu ujinga unapenyezwa ndani ya matamshi na msikilizaji anavimeza vyote pamoja. Waandishi wa Kiingereza nao wana mbinu yao ya zamani: mhusika wa hali ya chini akisema "was", wanamwandikia "wuz". Lakini hata profesa hutamka vivyo hivyo! Tahajia hiyo haielezi sauti yoyote mpya. Inatunong'oneza tu kwamba huyu hajasoma.

Masikio yaliyofunzwa hivyo yanaweza kumnyima mtu nyumba. John Baugh, mwanaisimu Mmarekani Mweusi, alipokuwa akitafuta nyumba ya kupanga huko California alipiga simu kwa sauti yake ya kikazi na kukaribishwa vizuri. Alipofika na kuonekana uso, baadhi ya wenye nyumba wakamwambia imeshachukuliwa. Akaligeuza jambo hilo kuwa utafiti. Alipiga simu za kuulizia nyumba kwa lafudhi tatu, zote akizimudu: ya Wamarekani Weusi, ya Wamarekani wenye asili ya Mexico, na ile inayohesabiwa kuwa ya kawaida. Katika maeneo ya Wazungu wengi, lafudhi mbili za kwanza zilipata miadi michache zaidi. Matokeo aliyachapisha na wenzake mwaka 1999, na humo walionesha pia kwamba neno "hello" peke yake linatosha: wasikilizaji walitambua lafudhi kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 70.

Kwa hiyo Baugh naye ni mwigizaji, kama walivyo mamilioni wanaobadilisha sauti wakishika simu. Ila Azaria alilipwa kwa kuvaa lafudhi ya wengine, na Baugh ilimbidi avue ya kwao ili akaribishwe kuiona nyumba. Ndiyo maana hoja ya kwamba Waingereza huigiza Wamarekani kila siku bila malalamiko hainiingii akilini. Lafudhi ya Kimarekani haimfungii mtu mlango, na Wamarekani wenyewe wanasikika kila kona ya dunia kwa sauti zao.

Je, basi kila nafasi apewe mwenye rangi husika, mambo yaishe? Hayaishi. Kipindi cha vichekesho cha Amos 'n' Andy kilianza redioni Chicago, Marekani, mwaka 1928, Wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, wakiigiza Weusi. Kilipohamia televisheni mwaka 1951 waliajiriwa waigizaji Weusi. Spencer Williams, aliyemwigiza Andy, alisimulia baadaye jinsi alivyogombana na Gosden, aliyetaka atamke maneno kwa namna ileile ya redioni. Mzungu anamfundisha Mweusi kuongea Kiweusi! NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, kilikipinga kipindi hicho licha ya waigizaji wake kuwa Weusi, na mwaka 1953 kikaondolewa.

Kwa hiyo jibu langu: mwigizaji aige, lakini mimi nitauliza ni nani aliyeandika maneno yake, na kama katika kipindi hichohicho yupo mtu mwingine wa jamii ile anayeongea tofauti. Wakiwa wawili tu na hawafanani, kichekesho cha lafudhi kinapungua nguvu chenyewe.

Vya zamani visifutwe. Viwekwe wazi, mwaka na majina ya waliotoa sauti vikitajwa mwanzoni, ili anayetaka kujua masikio ya babu zake yalifunzwa nini apate pa kusikiliza.