Usiweke breka ya 40 kwenye waya wa 2.5

Mkuu, kabla hujaenda dukani: usiiguse hiyo breka, ile swichi ya kinga inayojikata umeme ukizidi. Umesema una mashine ya kupasulia mbao ya HP 3, fezi moja, iko bandani mita 30 kutoka nyumbani, imeungwa kwenye laini ya soketi za jikoni yenye waya wa milimita za mraba 2.5. Breka ya ampea 20 inakatika kila ukiwasha, na fundi amekwambia uweke ya 40 yaishe. Umeuliza pia kuhusu mashine ya kufyonza vumbi na taa. Hayo tutayafikia. Hiyo 40 ndiyo inayounguza nyumba.

Shika hili: namba ya breka ni ya waya, herufi ya breka ni ya mota.

Breka haikuwekwa pale kuilinda mashine yako. Inalinda waya uliofichwa ukutani na darini. Waya wa 2.5 uliopita ndani ya bomba unabeba ampea 20 hadi 24, na plastiki yake ya kawaida imetengenezwa kuvumilia nyuzi joto 70. Breka ya 40, ikiwa nzima kabisa na si feki, inaweza kupitisha ampea 45 saa nzima bila kukatika. Ndivyo ilivyotengenezwa. Sasa weka msumeno butu, ubao wa mninga ambao haujakauka, na kijana anayesukuma kwa nguvu. Mota inavuta 30 na zaidi mchana kutwa. Kwa breka ya 40 hilo ni jambo la kawaida. Waya unachemka, plastiki inalainika, na wewe huoni kitu kwa sababu yote yanatokea juu ya dari. Ukifungua dari za nyumba zilizofanyiwa hivi unakuta maungio yamegeuka kahawia, plastiki imekuwa ngumu na inapasuka ukiikunja kwa vidole. Breka iko vilevile, haijawahi kukatika hata mara moja, na mwenye nyumba anaisifu.

Ubao ukibana msumeno hadi mota ikasimama, hali ni mbaya zaidi. Mota iliyosimama inavuta kama ampea 90. Breka ya 40 inaweza kukaa nusu dakika au zaidi ikilifikiria hilo, na koili za mota zinatoa moshi kabla haijaamua. Hapo unalipia kusuka mota upya, na waya wako umeshapata kipigo.

Fundi anayekwambia "weka kubwa" anamfunga mdomo mbwa anayebweka mwizi, halafu anachukua hela yake na kuondoka. Wauza vifaa nao wanasema ya 40 "ni imara zaidi", utadhani wanauza kufuli. Inaniudhi kwa sababu dawa ya tatizo lako ipo kwenye rafu ileile, kwa bei inayokaribiana, na hakuna aliyekuonyesha.

Dawa ni herufi. Angalia breka yako usoni: kabla ya namba 20 kuna B au C. Naamini yako ni B20. Mota ya HP 3 ya fezi moja inakula kama ampea 15 ikikimbia, lakini sekunde ile ya kuwaka inavuta mara tano hadi saba ya hapo, tuseme 90. Breka ya B inakatika papo hapo kuanzia mara tatu hadi tano ya namba yake, yaani B20 inakatika kati ya 60 na 100. Mshtuko wa mota yako umeangukia humohumo. C inakatika papo hapo kuanzia mara tano hadi kumi, kwa hiyo C20 inasubiri mpaka 100 hadi 200. Mota inapata nafasi ya kuwaka, na ulinzi wa waya unabaki uleule wa 20. Lakini soma kwanza kibao cha mota. Kikisema ampea 18, hapo ni C25, na waya lazima uongezwe unene uwe wa 4.

Hata hivyo usiiache mashine kwenye laini ya jikoni. Birika la wati 2000 linakula karibu ampea 9. Likiwashwa wakati unapasua, breka itakatika, na itakuwa na haki. Plagi ya pini tatu nayo mwisho wake ni 13. Fyuzi yake haiungui haraka kwa 15, inachemka tu, na ndiyo maana plagi za mashine hizi hugeuka kahawia upande wa pini ya moto.

Umbali nao una kesi yake. Waya wa 2.5 unapoteza milivolti 18 kwa kila ampea kwa kila mita. Kwa mita 30 na ampea 90 za kuwashia, unapoteza karibu volti 49. Nguvu ya mota kuzunguka inashuka kwa mraba wa volti, kwa hiyo unabaki na kama asilimia 62 tu. Mota inaunguruma bila kushika kasi, swichi yake ya ndani haiachii, na kapasita ya kuwashia inapasuka. Jioni, umeme wa TANESCO ukiwa umeshuka, ni balaa. Waya wa 6 unapoteza milivolti 7.3 tu, yaani kama volti 20 wakati wa kuwasha.

Kwa hiyo vuta laini mpya kutoka kwenye meni (swichi kuu): kebo ya 6, breka C32, hadi kisanduku kidogo bandani. Ndani yake weka C20 ya msumeno peke yake, breka nyingine ya kifyonza vumbi (mashine hizo mbili hufanya kazi pamoja, usiziunganishe), na breka ya 6 ya taa peke yake. Taa zisizimike na msumeno, kwa sababu umeme ukikatika blade bado inazunguka na mikono yako iko pale.

Ukinunua waya, menya ncha na ukwangue kwa kisu. Ukitoka mweupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, rudisha.

Msumeno uwashwe kwa stata yenye kontakta (swichi ya sumaku) na ovalodi (kinga inayokata mota ikivuta kupita kiasi) iliyowekwa kwenye ampea za kibao. Ovalodi ndiyo inayoilinda mota. Kontakta inahakikisha umeme ukikatika na kurudi, mashine haijiwashi yenyewe.

Usisahau ethi, yaani waya wa ardhini. Nyumba nyingi zetu hutegemea fimbo ya ardhini. Fimbo yenye ohm 20 inapitisha ampea 11 na nusu tu waya ukigusa chuma cha mashine, na C20 haitajua kitu. Mashine inabaki na umeme, ukiishika ndiyo unagundua. Lazima uwe na breka inayohisi umeme unaovuja, ya miliampea 30, na ubonyeze kitufe chake cha kujaribu kila mwezi.

Kazi ya kuvuta laini mpe fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), umwambie unachotaka kabla hajaanza kukushauri. Leo fanya moja: zima meni, fungua kisanduku, soma herufi na namba ya hiyo breka, na namba iliyoandikwa kwenye ganda la waya. Ziandike hapa pamoja na ampea za kibao cha mota.