Picha imerendwa au imesafishwa?

Msomaji wa Morogoro anayetengeneza picha za mandhari kwa kompyuta ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Nimetengeneza picha ya milima ya Uluguru wakati wa machweo kwa programu ya Blender. Nilipoiweka mtandaoni niliandika chini yake: 'Picha hii imerendwa kwa ubora wa juu wa masampuli 512, halafu nikaisafisha kwa postiwaki. Kompyuta yangu hairenda zaidi ya hapo.' Mjomba wangu, ambaye zamani alikuwa na studio ya picha, akaniuliza nimeisafisha kwa dawa gani. Wenzangu nao wananiambia niandike 'nimeipika'. Kiswahili chake hasa ni kipi?"

Marahaba, mwanangu. Mjomba wako ana hoja, na nitaanza naye.

Enzi za filamu, kusafisha picha ilikuwa kazi maalumu. Ulipomaliza kupiga, ulipeleka filamu studio, ikaingizwa chumba cha giza, ikatiwa dawa, na picha iliyokuwa imejificha ikajitokeza. Ukipita siku ya pili uliuliza: "Picha zangu zimeshasafishwa?" Hakuna aliyedhani unaulizia vumbi. Wapo watu wengi walio hai wanaolisikia neno hili kwa maana hiyo hiyo. Vijana wa simu nao wameligeuza: kwao kusafisha picha ni kuondoa doa, chunusi au mtu aliyepita nyuma. Sasa wewe unataka kulipatia maana ya tatu. Tena ukilitazama vizuri, maana ya mjomba inashabihiana zaidi na kule kurenda (kwa Kiingereza "render", yaani kompyuta kuigeuza mandhari uliyoiunda ndani yake kuwa picha) kuliko na kazi inayofuata, ile ya kuirekebisha picha iliyokwisha kutoka, kwa kuwa kote kuwili picha imekwisha kuwapo katika hali ambayo jicho haliioni, kisha inatolewa ionekane. Umelitumia kwa hatua isiyo yake. Mwachie mjomba neno lake.

"Kupika" ningekuomba uliache kabisa. Kwetu, takwimu za kupikwa ni za uongo, na taarifa iliyopikwa imetungwa ili kudanganya. Wewe umekaa siku nyingi ukijenga mlima bonde kwa bonde, halafu uandike mwenyewe kwamba umeupika? Siku hizi kila picha nzuri inaulizwa kama ni ya kweli. Hilo neno litakuhukumu kabla hujajieleza.

Je, tuseme basi kompyuta "imeichora"? Hapa inafaa kuangalia nani anafanya nini. Wewe ndiye uliyeunda ardhi, ukapanda miti, ukaliweka jua upande mmoja, ukachagua mahali pa kusimamisha kamera. Ulipobofya, mashine ikaanza hesabu. Katika Blender, ukitumia Cycles, mojawapo ya injini zake za kurenda, miale hufuatiliwa kutoka kwenye kamera kupitia kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, ikagonga jani, ikadunda kwenye mwamba, mpaka ifikie chanzo cha mwanga au iishie njiani. Rangi ya pikseli hutokana na safari hizo. Mchoraji ni wewe, na kitenzi "kuchora" tukikihamishia kwenye mashine tunakunyang'anya kazi yako. "Kutoa" nako kumeshikwa: anayesema "nitolee picha mbili" anataka karatasi mkononi. "Kukokotoa" ni kweli tupu, ila kompyuta haina kazi nyingine isipokuwa kukokotoa, kwa hiyo msomaji hatajua ni hesabu ipi unayoisema.

Ndiyo maana mimi, ambaye hutetea maneno ya nyumbani kila ninapoweza, nalikubali "kurenda". Nafasi ni tupu na hatuna kitenzi kilichokaa kikisubiri. Isitoshe, neno hili limeingia kwa adabu. Vitenzi vingi tulivyochukua kutoka Kiingereza vinaishia na "i": kuprinti, kuskani, kuposti, kuchati. Hivyo havibadiliki katika kukanusha: naprinti, siprinti. "Renda" limekuja na "a" mwishoni, kwa njia ile ile iliyotupatia dereva, meneja na printa, na kitenzi kinachoishia na "a" hufuata kanuni za vitenzi vyetu vya asili. Napenda, sipendi. Narenda, sirendi. Hapo ndipo ulipoteleza: kompyuta yako "hairendi" zaidi ya hapo, si "hairenda". Katika wakati wa "-ja-" ile "a" hubaki, kwa hiyo "sijarenda" ni sawa. Utasema pia nirende, irendwe, nimrendee mteja, na kazi yenyewe utaiita urendaji. Neno linalonyambulika hivi halina ugeni mkubwa tena.

Kuhusu "masampuli", ondoa hiyo "ma". Sampuli ni neno la ngeli ya I-ZI, na umoja na wingi wake ni mamoja: sampuli moja, sampuli 512, sampuli hizi.

"Ubora wa juu" unanisumbua zaidi, na si kwa sababu ya sarufi. Ubora ni hukumu. 512 ni hesabu. Picha iliyopangwa vibaya ukiirenda kwa sampuli 4096, ambacho ndicho kikomo Blender inachokuja nacho tangu toleo la 3.0, itabaki picha iliyopangwa vibaya, ila itakuwa nyororo. Najua menyu za programu zimejaa maneno ya aina hiyo, ya chini, ya kati, ya juu. Wewe unayeandikia watu taja kitu kinachohesabiwa. Anayetumia Terragen, programu nyingine ya kuunda mandhari, kwa mfano, ana namba inayoamua ardhi igawanywe vipande vidogo kiasi gani, na nyingine ya kulainisha kingo zisionekane kama ngazi. Akisema tu "ubora wa juu" hatujui amepandisha ipi.

Na sampuli zinahesabia nini? Zinahesabu mara ambazo kila pikseli imerushiwa miale. Zikiwa chache, picha huwa na vidoa vidogo vidogo vilivyotawanyika, hasa vivulini na chini ya miti. Vidoa hivyo vina jina la Kiswahili ambalo kila aliyekua na TV ya antena analijua: chenga. Chenga za mchele ni punje zilizovunjika, na mawimbi yalipopotea tulisema TV inaonyesha chenga. Sioni kwa nini wasanii wetu wahangaike na "noizi" wakati neno hili limekaa hapo, linaonekana na kusikika. Sema: "Picha ina chenga vivulini." Hata mjomba atakuelewa.

Chenga hizo zina ukaidi wake. Kuzipunguza hadi nusu kunahitaji sampuli mara nne, si mara mbili. Picha yako ya sampuli 512, ikiwa ilichukua saa moja, itahitaji sampuli 2048 na takribani saa nne ili chenga zipungue kwa nusu tu. Usione haya, basi, kuandika kwamba umeishia 512. Wengi huishia hapo, kisha wakaiachia programu izichekeche chenga zilizobaki. Blender ina kifaa cha namna hiyo kutoka Intel tangu toleo la 2.81 la mwaka 2019. Kuchekecha ni kitenzi kizuri kwa kazi hiyo, kwani hata jikoni ukichekecha kupita kiasi unapoteza na kilicho chema. Majani ya mbali yaliyochekechwa mno hugeuka kuwa kama rangi iliyopakwa kwa kidole.

Sasa hiyo "postiwaki", yaani kazi ya kuirekebisha picha ikishatoka. Hapa nakataa, kwa sababu ile ile iliyonifanya niikubali "renda". Nafasi hii haiko tupu. Fundi nyumba akishaezeka hasemi nyumba imekwisha; anasema imefika hatua ya umaliziaji, yaani plasta, rangi, sakafu, vitasa. Seremala naye ana msasa na vanishi. Wewe ukishapata picha iliyorendwa, ukaifungua katika Photoshop au GIMP ukarekebisha mwanga, ukaongeza ukungu, ukapaka ndege wawili angani, unafanya umaliziaji. "Kuhariri" si kosa, lakini kwangu kuhariri kunanukia wino na makala. Wengine wamejaribu "kazi ya baada", nami kila nikiisoma nangoja sentensi iendelee: baada ya nini?

Ndani ya umaliziaji kuna tafsiri moja ninayoiona mara kwa mara na inapotosha. Mashine inaweza kukupa, pamoja na picha, picha nyingine ya kijivu inayoonyesha kila kitu kiko mbali kiasi gani na kamera. Ndiyo inayokuwezesha kuutandaza ukungu kwenye vilele vya nyuma bila kugusa miti ya mbele. Watu wanaiita "ramani ya kina". Kina ni cha bahari, kisima, shimo: hupimwa kwenda chini. Kutoka jichoni hadi mlimani ni umbali. Iite ramani ya umbali, na hata anayeanza leo atajua ya nini.

Na kwa kuwa picha yako ni ya machweo, nikuongezee la kiufundi linalogusa pia maelezo yako. Faili ya biti 8 ina ngazi 256 tu za kila rangi kati ya nyekundu, kijani na bluu. Ukivuta mwanga wa anga ya jioni katika umaliziaji, ngazi hizo huachana, na anga inaonyesha michirizi badala ya kufifia polepole. Faili ya biti 16 ina ngazi 65,536. Ukihifadhi hivyo kabla ya kumalizia, liandike hilo kwenye maelezo, kwani wenzako watajifunza kitu ambacho "ubora wa juu" usingewafundisha.

Nimeyaandika upya maelezo yako kwa kufuata haya. Namba ya biti ibadilishe kama si kweli:

"Milima ya Uluguru wakati wa machweo. Mandhari nimeyaunda kwa Blender, yakarendwa kwa sampuli 512 na kuhifadhiwa kwa biti 16. Chenga zilizobaki vivulini zimechekechwa. Katika umaliziaji nimeongeza ukungu kwa kutumia ramani ya umbali na kusawazisha rangi za anga. Kompyuta yangu hairendi zaidi ya hapo."

Utaona nimeandika "mandhari nimeyaunda", na bila shaka kuna atakayekuambia ni "nimeiunda". Zote mbili utazikuta kwa waandishi wazuri: wengine huiweka mandhari katika ngeli ya I-ZI, wengine katika YA. Chagua moja, ushikamane nayo tangu mwanzo wa maelezo hadi mwisho.