Kwa nini nchi ziripotiane magonjwa ya samaki
We unayeuliza hii inahusu nini wakati kila mtu anafuga bwawani kwake, ishu ni kwamba vifaranga na mayai vinauzwa nchi hadi nchi na virusi vinasafiri humohumo bila kuonekana. Cheki TiLV, kile kirusi cha tilapia, kilielezwa Israeli 2014, baadae kikaonekana Asia, Afrika mpaka Amerika Kusini, 2017 FAO (shirika la UN la chakula na kilimo) wakatoa tahadhari. WOAH, shirika la dunia la afya ya wanyama, wana orodha ya magonjwa ambayo nchi wanachama lazima ziripoti, sio ya samaki tu, ya kamba na chaza pia. Sema nchi zingine zinaficha zikiogopa kukosa soko (ujinga mtupu), huku wengine wanaendelea kununua vifaranga wagonjwa. Na TiLV haina dawa, so dai cheti cha afya afu weka vifaranga wapya karantini kwanza.